Mwanafunzi wangu Mhindu ameacha kuja darasani kwa sababu ya neno nililolisema

Somo, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, Mwislamu, mama wa watoto wawili, na kazi yangu ni kufundisha yoga hapa Dar es Salaam. Nilianza miaka mitano iliyopita, baada ya kuhudhuria Zanzibar mafunzo ya saa 200 yaliyoendeshwa na walimu waliotoka Ulaya, na tangu hapo nimepanga ukumbi mdogo ghorofani ambamo nina darasa la asubuhi na la jioni. Wanaokuja ni wafanyakazi wa benki wanaoumwa shingo kwa kukaa kutwa, akina mama waliojifungua karibuni, wazee wenye maumivu ya mgongo, na wasichana wanaotafuta saa moja ya utulivu kabla ya foleni ya kurudi nyumbani. Kazi hii ndiyo inayolipa ada za shule za wanangu.

Kwa kuwa wengi wa wanafunzi wangu ni Waislamu na Wakristo, na kwa kuwa mama yangu mdogo amekuwa akinionya tangu siku ya kwanza kwamba ninawafundisha watu shirki, nimezoea kumwambia kila anayeingia mara ya kwanza: "Usiwe na wasiwasi, yoga haihusiani kabisa na dini, ni mazoezi ya viungo kama mengine." Nimeyaandika maneno hayo hata kwenye kipeperushi changu.

Miongoni mwa wanafunzi wangu kuna mama mmoja Mhindu wa miaka 71, mzaliwa wa Tanga, ambaye sote humwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati. Alikuja kwa ajili ya mgongo, na kwa miaka miwili hakukosa darasa la Jumanne. Mwezi uliopita nilipokea mikeka mipya 12 niliyoiagiza, ya rangi ya zambarau, yenye alama ya Om, neno takatifu la Wahindu, iliyochapwa kwa rangi ya dhahabu upande wa miguuni. Niliipenda kwa sababu ilipendeza, sikufikiri zaidi ya hapo. Ba alifika, akavua ndala, akasimama mlangoni akiitazama ilivyotandikwa. Kisha akaenda hadi kwenye mkeka wake, akaukunja taratibu kuanzia upande wenye alama, akaugusisha kwenye paji la uso, akauweka juu ya meza kando ya chupa za maji. Saa nzima alifanya mazoezi juu ya kanga yake aliyoitandika sakafuni, nayo ikawa inateleza kila alipoinuka, nami kwa kukosa la kusema nikaendelea tu kuhesabu pumzi.

Darasa lilipokwisha, mwanafunzi mpya aliniuliza kama yoga ni ibada, nikampa jibu langu la siku zote. Ba alikuwa anavaa ndala. Akanigeukia akasema, bila ukali wowote: "Mwanangu, kila alfajiri kule Tanga mama yangu alikuwa akisimama uani, akilimwagia jua maji kwa kikombe cha shaba, kisha akikaa miguu imekunjwa, akivuta pumzi kwa tundu moja la pua na kuitoa kwa jingine, akilitaja jina la Mungu wake. Kama hii haihusiani na dini, mama yangu alikuwa akifanya nini?" Akaondoka. Hii ni wiki ya tatu haji, ingawa amelipa hadi mwisho wa mwezi. Kanga yake aliisahau. Nimeifua na kuikunja, iko kabatini.

Nilipowasimulia wenzangu, msichana mmoja aliyerudi kutoka masomoni Kanada aliniambia kwamba mtu asiye Mhindi akifundisha yoga anaiba utamaduni wa watu, na kwamba huko chuo kikuu kimoja kiliwahi kusimamisha darasa la yoga kwa sababu hiyohiyo. Mama mdogo naye aliposikia akasema, "Unaona? Wenyewe wamekiri kuwa ni dini yao," akanitumia mawaidha ya sheikh anayeitaja fatwa ya Malaysia. Nikisema kwamba yoga ni ya Wahindu, nitapoteza nusu ya wanafunzi wangu. Nikisema si yao, nitakuwa nimemkana mama wa mtu. Je, niache kazi hii? Nimwambie nini Ba? Na mikeka hii niifanye nini?

Mwalimu wa Ghorofani, Dar es Salaam

---

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimerudi kwenye ile kanga inayoteleza sakafuni. Mwanamke wa miaka 71 mwenye mgongo mbovu aliona ni afadhali ateleze kuliko kuikanyaga alama ambayo tangu utotoni amefundishwa kuitamka kwa heshima. Wala hakukutolea neno mbele ya wanafunzi wako. Alisubiri darasa liishe, na hata hapo hakukulaumu kwa ajili ya mikeka, alikuuliza swali moja tu kuhusu mama yake. Kwa hiyo nitaanza na swali hilo, kwa sababu naamini ndilo lililomwondoa.

Usiache kazi. Unachopaswa kuacha ni ile sentensi yako. Umeitumia kama mwavuli wa kujikinga na maneno ya mama mdogo, na kwa miaka mitano hukuona kwamba fimbo ya mwavuli huo inamchoma mtu aliyesimama upande wa pili. Ndani ya sentensi ile mna mambo mawili ambayo umeyafunga pamoja kana kwamba ni moja. La kwanza ni kwamba katika darasa lako hakuna anayetakiwa kuabudu chochote. Hilo ni kweli, na una haki ya kulisema kwa sauti. La pili ni kwamba yoga yenyewe haina dini iliyoizaa. Hilo si kweli, na Ba analijua kwa kumwona mama yake, wala hakuhitaji kusoma kitabu.

Kwa kuwa wewe ni mwalimu, ni vizuri ujue ukubwa wa kile ulichokikana. Katika Katha Upanishad, mojawapo ya maandiko ya kale ya Wahindu, mwili wa binadamu unafananishwa na gari la vita na hisia zake na farasi wanaolivuta, na yoga inaelezwa kuwa ni kule kuzishika hisia zikatulia. Katika Bhagavad Gita, andiko lao jingine, ni mungu Krishna mwenyewe anayemfundisha shujaa Arjuna njia za yoga katikati ya uwanja wa vita. Patanjali, ambaye wataalamu wengi wanaiweka kazi yake yapata miaka 1,600 iliyopita, aliandika tungo fupi zipatazo 195, na kati ya hizo ni tatu tu zinazozungumzia mkao wa mwili. Nyingine zote zinahusu akili, tabia, pumzi na ukombozi wa nafsi. Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha karne ya 15 ambacho ndicho kinachoeleza mikao na pumzi kwa kirefu, kinafunguliwa kwa kumsalimu mungu Shiva. Ni kweli pia kwamba Wajaini na Wabuddha, watu wa dini nyingine za India, walikuwa na mazoezi ya namna hiyo katika nchi ileile, kwa hiyo hakuna haja ya kusema kuwa ni mali ya Wahindu peke yao. Lakini kutoka "si yao peke yao" hadi "haihusiani na dini" ni mbali sana.

Wapo watakaokuambia kwamba yoga ya madarasa ya leo ni kitu cha juzi tu. Wana sehemu ya ukweli. Swami Vivekananda, mtawa Mhindu, alipohutubia Chicago mwaka 1893 na kisha kuwafundisha Wamarekani yoga, aliihimiza ile ya akili, na mikao hakuijali sana. Mtiririko wa mikao ya kusimama, kuinama na kuruka tunaoufahamu uliundwa kwa kiasi kikubwa katika miaka ya 1930 huko Mysore, India, ambako mwalimu Krishnamacharya alifundisha chini ya ulinzi wa maharaja, yaani mtawala wa huko, na wanahistoria wameonyesha jinsi mieleka ya Kihindi na mazoezi ya viungo ya Kizungu yalivyochanganyika humo. Iyengar na Pattabhi Jois, walioipeleka duniani, wote walipita kwake. Lakini Krishnamacharya huyohuyo alikuwa mcha Mungu wa madhehebu ya mungu Vishnu, na alikuwa mwangalifu kiasi kwamba Indra Devi, mwanamke mzaliwa wa Riga, alipotaka kuwa mwanafunzi wake alimkataa kwanza kwa kuwa ni mwanamke na ni mgeni, hadi maharaja alipoingilia kati. Kitu kubadilika hakukiondolei wenyewe. Taarabu yetu ilipata ala na mtindo kutoka Misri enzi za Sultan Barghash, ikachukua na sauti za filamu za Kihindi, na bado Mzanzibari akisikia mtu anasema haina kwao atakasirika, na atakuwa na haki.

Malalamiko ya Ba si ya kwake peke yake, mwanangu. Mwaka 2010 nchini Marekani, taasisi iitwayo Hindu American Foundation ilianzisha kampeni ya kudai yoga irudishiwe asili yake. Mmoja wa waasisi wake, daktari Aseem Shukla, alijibizana hadharani na Deepak Chopra, mwandishi maarufu mwenye asili ya India. Shukla alilalamika kwamba mamilioni ya watu wanafaidi yoga huku neno "Hindu" likikwepwa, na mahali pake pakiwekwa maneno kama "hekima ya kale ya Mashariki". Chopra akajibu kwamba yoga ina umri mkubwa kuliko dini inayoitwa leo Uhindu na kwamba haiwezi kufungiwa humo. Nimeyapima maneno ya wote wawili na moyo wangu umeegemea kwa Shukla, kwa sababu ya kile alichokiomba. Kampeni yao haikumtaka mtu yeyote awe Mhindu ndipo afanye yoga, wala haikuwakataza wasio Wahindu kufundisha. Ilitaka deni litajwe tu.

Na uone ni nani hasa anayefaidika deni lisipotajwa. Katika mji wa Encinitas, California, shule za serikali zilianzisha madarasa ya yoga kwa msaada wa taasisi iliyofungamana na mapokeo ya Pattabhi Jois, na mwaka 2013 wazazi wa watoto wawili walikwenda mahakamani wakidai watoto wao wanafundishwa dini. Jaji alikubali kwamba asili ya yoga ni ya kidini, lakini akaamua kwamba ile ya shuleni si dini, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye. Shule zilikuwa zimefanya nini? Zilikuwa zimeondoa majina ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na ule mkao wa yungiyungi, wa kukaa miguu imekunjwa, ukaitwa kwa maneno ya watoto wadogo. Huko Alabama, ambako yoga ilikuwa imepigwa marufuku katika shule za serikali tangu 1993, sheria ya mwaka 2021 iliiruhusu tena kwa masharti: mikao iitwe kwa Kiingereza tu, mzazi atoe idhini, na salamu ya "namaste" isitamkwe. Kwa maneno mengine, mgeni anakaribishwa ndani mradi aliache jina lake mlangoni. Sentensi ya kipeperushi chako inasema jambo hilohilo, ingawa wewe uliiandika kwa nia njema na mahakama haikukulazimisha.

Sisi tunaosema Kiswahili tunayajua maumivu haya, tukikumbuka. Mwaka 2003 kampuni ya Disney ilisajili Marekani maneno "Hakuna Matata" kuwa alama yake ya biashara kwenye fulana. Habari hiyo ilipoenea mwaka 2018, watu zaidi ya laki moja walitia saini ombi la kuipinga. Hakuna aliyekuwa amezuiwa kuyatamka maneno hayo Kariakoo au Kisauni, na wanasheria walieleza wazi kwamba usajili huo haukuwa na nguvu hiyo. Lakini watu waliumia hata hivyo, kwa sababu usemi walioupata kwa bibi zao ulikuwa unauzwa na mtu ambaye hakuona haja ya kusema aliutoa wapi. Sasa mvalishe Ba maumivu hayo, kisha ongeza kwamba kilichouzwa kwake si usemi wa mtaani bali ni jina la Mungu, na limechapwa pale pa kuweka unyayo.

Kuna jambo jingine nalisema kwa uzito, kwa sababu linanihusu na mimi. Lugha yetu ina methali isemayo "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Nimeisikia tangu utotoni, nimeitumia, na kwa miaka mingi sikujiuliza inavyosikika masikioni mwa Baniani mwenyewe. Inasema mtu wake hatumtaki lakini kitu chake kinatufaa. Ukiitafuta tafsiri ya kile ambacho vijana wa siku hizi wanakiita wizi wa utamaduni, hutapata iliyo fupi kuliko hiyo, na tulikuwa nayo kabla yao. Tumeishi na Wahindu kwa vizazi, tangu wafanyabiashara wa Zanzibar ya masultani, na hadi leo wengi wetu hatutofautishi Kihindi na Kihindu. Anayeishi Upanga kwetu ni Mhindi tu, awe Khoja, Ismailia, Bohora, Mgoa Mkatoliki au Kalasinga, na yule hasa aliye Mhindu, mwenye mahekalu yake pale Kisutu tunapopita kila siku, anapotea ndani ya jina hilo. Hata msichana wako wa Kanada amesema "asiye Mhindi" pale alipopaswa kusema "asiye Mhindu". Herufi moja, lakini ndimo Ba alimopotelea.

Kuhusu msichana huyo, usimpuuze, ila usimwachie akuhukumu. Kisa anachokitaja ni cha Chuo Kikuu cha Ottawa, ambako mwaka 2015 kituo cha kuwahudumia wanafunzi wenye ulemavu kilisimamisha darasa la bure la yoga kwa hofu ya kuonekana kinapora utamaduni, na Januari 2016 darasa likarejea likiwa na mwalimu mwenye asili ya India. Mimi sioni kwamba hilo lilimsaidia Mhindu yeyote. Walibadilisha sura ya anayesimama mbele, na swali la kinachofundishwa na jinsi kinavyotajwa likabaki palepale. Aidha, wenyewe wametoa mwaliko. India ndiyo iliyokwenda Umoja wa Mataifa mwaka 2014 kuomba siku ya yoga, nchi 177 zikaunga mkono, na tangu 2015 siku hiyo huadhimishwa kila tarehe 21 Juni. Mwaka 2016, katika kikao cha UNESCO kilichofanyika Addis Ababa, yoga iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa binadamu kwa jina la India, na maelezo yake yanasema hufanywa bila ubaguzi wa jinsia, tabaka wala dini. Najua kwamba huko India kwenyewe mambo si shwari. Mwaka 2015 viongozi wa Waislamu walipinga salamu ya jua, mfululizo wa mikao ya kulisalimu jua, kuingizwa katika maadhimisho hayo, na serikali ikaiondoa, na wapo watu wa tabaka la chini wanaouliza ni lini yoga hiyo ya kale iliwahi kuwa wazi kwao. Lakini ugomvi wa ndani ya nyumba ya mwenzio si ruhusa ya kusema nyumba haina mwenyewe.

Kwa mama mdogo sina fatwa, kwa kuwa mimi si mwanachuoni. Nenda kwa sheikh unayemwamini na umweleze bila kumficha kile mnachokifanya darasani, mkao kwa mkao na neno kwa neno, kwa sababu akijibu swali la uongo jibu lake halitakufaa. Ninachoweza kukuambia ni kwamba hata wanachuoni wametofautisha. Baraza la fatwa la Malaysia liliikataza yoga kwa Waislamu Novemba 2008, na siku chache baadaye waziri mkuu wa wakati huo, Abdullah Badawi, akasema wanaofanya mazoezi ya mwili bila kuimba mantra, yaani maneno matakatifu, wanaweza kuendelea. Mwaka 2009 Baraza la Maulamaa la Indonesia lilikataza ile yenye mantra na ibada, likaacha ile ya mazoezi matupu. Saudi Arabia iliitambua yoga kuwa ni mchezo mwaka 2017. Na muda mrefu kabla ya hao wote, katika karne ya 11, Al-Biruni alijifunza Kisanskriti na kukifasiri kitabu cha Patanjali kwa Kiarabu. Mwislamu yule hakuona haja ya kukifuta kitabu jina la watu wake ili akisome. Aliwataja, akaeleza wanaamini nini, na mahali asipokubaliana nao akasema. Msomee mama mdogo habari hizo. Nakuomba tu usimkasirikie, kwa kuwa yeye na Ba wanakubaliana katika jambo ambalo wewe ulikuwa unalikana.

Sasa kipeperushi. Andika upya, kwa maneno yako, jambo kama hili: kwamba yoga ilizaliwa India, katika dini na falsafa ya Wahindu na jirani zao, kwamba wewe ni Mwislamu na unafundisha mikao na pumzi zake kwa ajili ya afya, kwamba hakuna mantra wala ibada katika darasa lako, na kwamba anayetaka kuijua zaidi ya hapo utamwelekeza kwa wenyewe. Wapo watakaoondoka, sikufichi. Lakini nadhani watakuwa wachache kuliko unavyoogopa, kwa sababu anayeogopa ibada anataka kujua kama kuna ibada, na utakuwa umemjibu vizuri zaidi kuliko zamani. Mikao itafsiri kwa Kiswahili upendavyo, lakini kila mmoja utaje pia jina lake la Kisanskriti, na ujifunze kulitamka. Salamu ya "namaste" maana yake ni "nakuinamia wewe". Ukiona imani yako haikuruhusu kuitamka, sema asante na ufunge darasa, hakuna Mhindu atakayekudai. Ila usiichape kwenye fulana.

Pia tenga sehemu ya mapato ya mwaka huu ujifunze tena, safari hii kwa mwalimu Mhindu aliyekulia ndani ya mapokeo haya, na umlipe sawasawa kama ulivyowalipa wale wa Ulaya. Mtu aliyesoma saa 200 bila kukutana na mwenye kitu hata mmoja ana pengo, na si kosa lake yeye, lakini sasa ameliona. Patanjali anaanza na miiko mitano kabla hajafika kwenye mkao wowote, na wa tatu unaitwa asteya, yaani kutoiba. Ungefaa kuwa wa kwanza utakaomwomba mwalimu huyo akueleze.

Mikeka iondoe sakafuni leo, kabla ya darasa la jioni. Usiitupe jalalani na usiiuze kwa bei ya chini, maana utakuwa umemhamishia mtu mwingine kosa lako. Ikunje kama Ba alivyoikunja, uiweke mahali pa juu, na umuulize yeye ifanywe nini. Hasara utaibeba wewe.

Kwa Ba nenda mwenyewe, usipige simu wala kutuma ujumbe. Chagua saa ya alasiri, baada ya kupumzika kwake. Mchukulie kanga yake, na matunda kidogo ukipenda. Usichukue chochote chenye nyama wala mayai kabla hujajua wanachokula. Vua viatu mlangoni. Usianze kwa kueleza nia yako ilikuwa nini, kwa sababu nia yako hakuiuliza. Mwambie kwamba ulisema jambo lisilo kweli mbele yake, kwamba umeliondoa kwenye kipeperushi, na umwonyeshe kipya. Usimwombe siku hiyohiyo aje kuwahutubia wanafunzi wako, wala usimfanye awe kielelezo cha kuwaonyesha wengine jinsi ulivyojirekebisha. Akitaka kurudi kwenye mgongo wake na Jumanne yake, atarudi. Akitaka kukaa nyumbani, mrudishie fedha za siku alizolipia na hakuja. Kisha, akikukaribisha chai, kaa unywe, na umuulize habari za mama yake kule Tanga: aliitwa nani, na yale maji ya alfajiri alikuwa akiyachota wapi.